Deni la Fulana

Kijana ninayetaka kuwasimulia habari zake alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu visa vya namna hii huharibika pale msomaji anapopewa mwovu wa kumchukia, akamchukia, kisha akalala usingizi wake. Alikuwa mwanafunzi wa famasia, mwaka wa tatu, mtoto wa mama mwenye duka la dawa muhimu katika mji mdogo wa mkoani. Darasani alikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa. Wenzake walipopata sap (mtihani wa marudio) katika famakolojia, yeye ndiye aliyekaa nao hadi usiku wa manane chini ya taa ya korido, akiwachorea jinsi dawa inavyoingia mwilini, inavyosambaa, inavyovunjwavunjwa na ini na inavyotoka. Jina lake halina kazi hapa, wala la chuo chake. Kisa nimekiunga kwa vipande vya visa vingi, na yeyote aliyewahi kuishi bweni la chuo atakitambua kile kipande alichokishuhudia mwenyewe.

Alichogombea ni uenyekiti wa chama cha kitaaluma cha wanafunzi wa famasia hapo chuoni. Vyama hivi ni tofauti na serikali ya wanafunzi. Serikali ya wanafunzi hushughulika na mabweni, chakula cha kantini na boom (fedha ya kujikimu) linapochelewa. Chama cha kitaaluma huwakusanya wanaosomea kazi moja na kuanza kuwalea katika kazi hiyo kabla hawajaapishwa. Huadhimisha Siku ya Wafamasia Duniani kila tarehe 25 Septemba, hutafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo, huwaalika wafamasia wa hospitali na wa viwandani waje kuzungumza, na huwapeleka wanachama vijijini kuelimisha watu juu ya matumizi sahihi ya dawa. Kina ndugu zake duniani pia: shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa famasia, IPSF, lilianzishwa London mwaka 1949, na hadi leo huwapeleka wanafunzi wa nchi moja kujifunza katika nchi nyingine.

Mwenyekiti wa tawi la chuo hana mshahara. Ofisi yake ni kabati moja na muhuri. Lakini muhuri huo una uzito, kwa sababu ndio unaogongwa kwenye barua ya kuomba udhamini, kwenye barua ya kwenda kwa mganga mkuu wa wilaya, na kwenye orodha ya watakaosafiri. Kijana wa miaka 22 anayekabidhiwa muhuri huo anapewa, pengine kwa mara ya kwanza maishani, amana ya watu ambao wengi wao hawajui wala hawamjui.

Sababu yake ya kugombea ilikuwa safi. Uongozi uliotangulia ulikuwa unamaliza muda wake bila kuwasomea wanachama hesabu. Ada ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, wanachama walizidi mia tatu, na mkutano mkuu ulikuwa umeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, jambo lisilo gumu kulipanga ukiitisha mkutano jioni ya kuamkia mtihani. Yeye akasema hadharani kwamba akichaguliwa, hesabu zitabandikwa ubaoni kila muhula. Akasema nafasi za mafunzo kwa vitendo zitagawiwa kwa kuchagua karatasi mbele ya watu wote, si kwa kujuana. Na akasema kwamba tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, chama kitakwenda kijijini kuwapima watu sukari. Tarehe hiyo aliipenda. Aliwaeleza wenzake kuwa ndiyo aliyozaliwa Frederick Banting, mwaka 1891, daktari wa Kanada ambaye pamoja na Charles Best walifanikiwa kuipata insulini mwaka 1921, na kwamba kabla ya hapo mtoto aliyeugua kisukari aina ya kwanza alikuwa anasubiri kufa tu.

Zilikuwa ahadi tatu, na zote zilikuwa ndani ya uwezo wa ofisi aliyoiomba. Wagombea wengi wa vyuoni huahidi vitu visivyo mikononi mwao: watapunguza ada ya chuo, watabadilisha mtaala, watahakikisha kila mhitimu anapata pa kufanyia mafunzo tarajali. Mwenyekiti wa wanafunzi anaweza kuyaomba hayo, hawezi kuyatoa, na mpiga kura anayeahidiwa hivyo amekwisha kudanganywa kabla kura haijahesabiwa. Kijana wetu hakuteleza hapo.

Mshindani wake alikuja na spika kubwa na fulana. Wiki ya kwanza ya kampeni haikuisha kabla nusu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajavaa picha yake kifuani. Kijana wetu alikuwa na mabango ya karatasi za manila aliyoyaandika kwa mkono, mvua ilinyesha siku ya tatu, na rangi ikachuruzika hadi chini ya ukuta. Meneja wake wa kampeni, rafiki aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, akaja na hesabu za kura alizozikisia mwenyewe na kumwambia kwamba hali si nzuri.

"Watu hawavai sera, braza," akamwambia. "Watu wanavaa fulana."

Nje ya geti la chuo kulikuwa na duka lililouza makoti meupe ya maabara, vitambulisho na madaftari, na kuchapa fulana. Mwenye duka aliwajua wanafunzi wote kwa sura. Alimwita kijana ndani, akampa kiti na soda.

"Dogo, nakusikia kila siku hapa. Wewe ndiye mtu wao."

"Sina hela ya kuchapisha chochote, kaka."

"Nani kaongelea hela? Chukua fulana mia na ishirini. Tutaongea ukishakaa."

Hapo namwomba msomaji asimame nami kidogo, maana yote yaliyofuata yalianzia katika kiti kile cha plastiki. Kijana hakuwa mjinga. Aliuliza swali, ila aliliuliza kwa watu wasiohusika, na halikuwa swali lenyewe. Alirudi chumbani akafungua katiba ya chama na kutafuta kama kuna ibara inayokataza mgombea kupokea msaada. Hakuiona. Katiba ilieleza sifa za mgombea, idadi ya wadhamini na siku za kampeni. Juu ya fedha za kampeni ilikuwa kimya. Akaridhika. Swali alilopaswa kumuuliza mwenye duka, uso kwa uso, ni hili: nikishakaa, utataka nini? Mtu akikukopesha bila kutaja bei wala siku ya kulipa, bei ameshaipanga, na atakuja kuitaja siku ambayo wewe huwezi tena kurudisha mzigo.

Nchi yetu, Tanzania, ilikwisha kulipitia jambo hili kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 ilifanyiwa marekebisho yaliyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila ambao mgombea aliweza kuwafanyia wapiga kura wakati wa kampeni bila kuhesabiwa kwamba ametoa rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao wa mashirika ya LEAT na NOLA wakalipeleka suala hilo mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Miongoni mwa hoja nzito ilikuwa usawa: mgombea mwenye nacho na mgombea asiye nacho hawasimami mahali pamoja mbele ya mpiga kura ikiwa sahani ya pilau inaruhusiwa kuzungumza kwa niaba yao. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayomtaka mgombea aeleze fedha zake zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Vijana wetu wote waliokuwa bwenini siku zile walikuwa wamesoma shule katika nchi yenye historia hiyo. Baadhi yao walikuwa wanachama wa klabu za wapinga rushwa walipokuwa sekondari. Lakini ilikuwa rahisi kuamini kwamba mambo hayo ni ya wabunge, na kwamba fulana mia na ishirini za wanafunzi ni mchezo wa watoto.

Jumapili alimpigia mama yake simu kumweleza kwamba anagombea. Mama akafurahi, akamwombea dua, kisha kama kawaida yake akageukia habari za dukani. Kuna mtu alikuwa amepita na begi la dawa akitaka kumwachia mzigo alipe mwisho wa mwezi.

"Nimemwambia aondoke nazo," mama akasema. "Dawa isiyo na risiti siipokei hata kwa bure, mwanangu. Mkaguzi akija haulizi nani kaniletea. Ataniuliza mimi."

Kijana akacheka, akamwambia, "Umefanya vizuri, mama." Fulana zilikuwa zimekunjwa chini ya kitanda alichokalia.

Katika mdahalo, ukumbi ukiwa umejaa, dada mmoja wa mwaka wa pili alisimama na kuuliza swali fupi. Kaka amesema hesabu za chama zitakuwa wazi. Je, hesabu za kampeni yake ziko wazi? Fulana zimelipiwa na nani? Kijana akajibu kwamba amesaidiwa na marafiki wanaopenda mabadiliko. Ukumbi ukapiga makofi na vigelegele, na yule dada akakaa. Tangu hapo wengi walimwona ni mtu wa upande wa pili, wakati hakuwa na upande. Naamini jibu lile la sekunde tano lilimdhuru kijana kuliko zile fulana zenyewe. Deni la siri lingeweza bado kutajwa na kulipwa polepole. Baada ya kulibatiza jina la urafiki mbele ya watu mia mbili, kulitaja kungekuwa ni kukiri uongo, na kila siku iliyopita ilizidi kuongeza gharama ya kukiri.

Usiku wa kuamkia kura, meneja alitumia sehemu ya boom lake kuwanunulia chipsi mayai wanafunzi wa mabweni mawili. Yeye naye hakudai hela. Alitaka uhazini, nafasi ambayo kwa katiba ya chama hicho mwenyekiti huiteua. Mwingine aliahidiwa jina lake litatangulia kwenye orodha ya kubadilishana wanafunzi na nchi za nje. Kufikia asubuhi, kabla sanduku halijafunguliwa, ofisi ilikuwa imekwisha kugawanywa.

Alishinda kwa kura 19.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, na lazima niseme alifanya kazi. Nafasi za mafunzo kwa vitendo ziligawiwa kwa kuchagua karatasi mbele ya watu kama alivyoahidi, na watoto wa wasio na jina wakapata hospitali nzuri. Siku ya wafamasia ilifana. Mwishoni mwa Oktoba wanafunzi wapya walipowasili, mwenye duka akamtumia ujumbe amwone.

"Mheshimiwa, hongera kwa kazi. Unajua dawa ya deni ni kulipa, na wewe ni mtu wa dawa. Lakini mimi hela yako siitaki, utaitoa wapi? Wewe nipe makoti ya mwaka wa kwanza. Na vile vifaa vya kupimia sukari, nina jamaa yangu anavyo, bei nafuu kuliko mjini."

Kwa taratibu za chama, ununuzi wowote uliozidi shilingi laki mbili ulihitaji profoma tatu, yaani makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji watatu. Utaratibu huu wanafunzi wengi huuona usumbufu. Kazi yake ni ndogo na ya maana sana: unamlazimisha anayenunua kwa fedha za wengine atembee, aulize, alinganishe, na aache nyuma yake karatasi ambazo mtu mwingine anaweza kuzifuata. Kijana alipata profoma moja ya kweli. Nyingine mbili waliziandika yeye na mhazini chumbani, kwa majina ya maduka yasiyokuwepo na bei zilizopandishwa kidogo. Mhazini ndiye aliyepaswa kuzikagua, na mhazini ndiye aliyenunua zile chipsi. Tayari hapo pasingeweza kuwa na mtu wa kumwambia mwingine hapana.

Makoti yalikuja yameshonwa ovyo, vifungo vinadondoka kwa kufua mara moja. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walinung'unika, lakini mgeni chuoni hudhani kila kitu ndivyo kilivyo. Hesabu za muhula hazikubandikwa. Kila mara alipoulizwa alijibu kwamba mhazini anamalizia.

Tarehe 14 Novemba walikwenda. Kibali cha mganga mkuu wa wilaya kilikuwa kimetoka, mtendaji wa kata alikuwa ametangaza msikitini na kanisani, na watu walikuwa wameambiwa waje bila kula kitu tangu usiku. Walikuja kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Wazee waliletwa kwa bodaboda. Akina mama walikaa kwenye mikeka nje ya zahanati, wengine wametembea tangu alfajiri bila hata chai. Meza nne zilipangwa, kila meza na glukomita yake, sindano za kutobolea vidole, pamba, spiriti na chupa za vijiti.

Yule dada aliyeuliza swali kwenye mdahalo, sasa akiwa mwaka wa tatu, ndiye aliyepewa meza ya pili. Alifanya lile ambalo wote walikuwa wamefundishwa na ambalo siku hiyo wenzake waliliruka kwa haraka ya kuanza: alichukua maji maalumu ya kuhakiki mashine, akadondosha tone kwenye kijiti na kusoma. Namba ikawa chini sana ya kiwango kilichoandikwa kwenye lebo. Akajaribu kijiti cha pili, na cha tatu. Akaigeuza chupa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imefunikwa na karatasi ya bei, na alipoibandua akakuta ilishapita.

Inafaa kueleza kwa nini jambo hili si dogo. Ncha ya kijiti cha kupimia sukari ina kimeng'enya kilichokaushwa. Tone la damu likigusa, kimeng'enya hufanya kazi juu ya glukosi, umeme mdogo sana hupita, na mashine huugeuza umeme huo kuwa namba. Joto na unyevu hukiharibu kimeng'enya, ndiyo sababu chupa ya vijiti huwa na kifuniko kinachobana na kitu cha kunyonya unyevu ndani yake, na ndiyo sababu tarehe iliyoandikwa ina maana. Mara nyingi kijiti kilichoharibika hakigomi. Kinatoa namba kama kawaida, na namba hiyo si ya kweli. Mtu asiyekula tangu usiku akiwa na sukari ya 7.0 kwa kipimo cha mmol/L au zaidi, anapaswa kupelekwa kwa vipimo vya maabara, kwa kuwa huo ndio mpaka wa kisukari. Kijiti kibovu kinaweza kumsomea 5, naye akashukuru, akarudi nyumbani akiwa na ugonjwa unaoendelea kula macho na figo zake kimyakimya, na sasa ana uhakika kwamba ni mzima.

Dada akamfuata mwenyekiti pembeni.

"Mheshimiwa, tusimamishe. Vijiti vimeharibika."

Kijana akaitazama ile chupa, kisha akautazama umati. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa mbele. Mpiga picha wa chama alikuwa kazini.

"Tumalizie walioko kwenye mstari kwanza," akasema. "Watu wametoka mbali."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Kulikuwa na huruma ndani yake. Watu kweli walikuwa wametoka mbali. Lakini kulikuwa pia na fulana, na jibu la kwenye mdahalo, na profoma mbili, na vyote hivyo vilikuwa vimekwisha kumzoesha kuahirisha. Mtu aliyejifunza kwa miezi sita kusema "baadaye" hawezi ghafla, mbele ya umati, kusema "sasa". Ndiyo maana nasema na wewe unayejiandaa kuchukua fomu mwaka huu, wa famasia, wa uuguzi, wa uhandisi au wa sheria: usidhani utakuwa na ujasiri ofisini ambao hukuwa nao kwenye kampeni. Andika kwenye daftari kila shilingi uliyoipokea na jina la aliyekupa, na uwe tayari kulisoma daftari hilo ukumbini ukiulizwa. Kama kuna jina usingependa kulisoma, rudisha alichokupa leo, hata kama maana yake ni kushindwa. Kushindwa uchaguzi wa wanafunzi ni jeraha la wiki mbili. Chama kitabaki, na kazi zake nyingi hazihitaji cheo: kufundisha wenye sap, kuandaa mada, kubeba maboksi, kudai hesabu zisomwe. Yule dada hakuwa na cheo chochote asubuhi ile.

Mwalimu mlezi wa chama alifika saa nne na nusu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mmehakiki mashine?"

Hakuna aliyejibu isipokuwa dada, aliyempa chupa mkononi. Mwalimu akaisoma, akaenda meza moja hadi nyingine, akaamuru kila kitu kifungwe. Kisha akasimama mbele ya watu na kuwaeleza kwa lugha nyepesi kwamba vifaa vina hitilafu, kwamba majibu waliyopewa wasiyategemee, na kwamba chuo kitarudi. Mzee mmoja akauliza kama anaweza basi kwenda kunywa chai yake. Hapakuwa na fujo. Watu walijipangusa, wakakunja mikeka na kuondoka, na wengi wao hawakuwa wamepimwa kabisa.

Waliokuwa wamepimwa ni 46. Majina yao yaliandikwa kwenye daftari, na mbele ya majina 17 hapakuwa na namba ya simu, au palikuwa na namba ya jirani. Kwa Jumamosi mbili mfululizo wanafunzi kumi na wawili, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji hicho, walizunguka nyumba kwa nyumba na mashine zilizoazimwa hospitali ya wilaya. Kijana alikwenda siku zote mbili. Hakuwa na fulana wala kibandiko cha mwenyekiti. Waliwapata watu 41. Miongoni mwao sita walikuwa na sukari ya kuwapeleka maabara, na wanne kati ya hao sita asubuhi ile ya tarehe 14 waliambiwa kwamba wako salama. Watano hawakupatikana. Walikuwa wamekuja kutoka vitongoji vya mbali, au walikuwa wageni waliokuja kuwatembelea ndugu, na hakuna aliyejua wamekwenda wapi.

Mkutano wa dharura wa chama ulipata akidi kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Profoma zilitolewa, na mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba mbili kati yake zilikuwa na mwandiko mmoja. Mhazini alianza kueleza habari za haraka na mazingira. Kijana akamkatiza, akasimama, akaeleza yote kuanzia soda ile ya dukani, bila kumtupia mtu lawama, na akajiuzulu. Kamati ya nidhamu ya chuo ilimpa barua ya onyo kali na kumzuia kushika uongozi wowote hadi amalize masomo. Fulana alizilipia mwenyewe, kwa boom la mihula yote miwili iliyobaki, na mwenye duka alizipokea fedha hizo na kuzihesabu. Nilivyouona mwisho wake, aliajiriwa na kufanya kazi vizuri, na ni mmoja wa watu wanaokagua tarehe ya kila boksi linaloingia stoo. Lakini wale watano hawajapatikana, na hilo halirekebishwi na bidii yake ya sasa.

Chama kilibadilisha katiba yake. Kila mgombea sasa hujaza karatasi ya mapato na matumizi ya kampeni, inayobandikwa ubaoni siku tatu kabla ya kura, na kuna kiwango ambacho hakuna anayeruhusiwa kukivuka. Mhazini anachaguliwa na wanachama badala ya kuteuliwa na mwenyekiti. Profoma hufunguliwa mbele ya wawakilishi wa madarasa yote manne. Yule dada aliombwa kugombea akakataa. Aliomba kuingia kamati ya ukaguzi, akakaa humo hadi alipohitimu. Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa mabango ya karatasi tu, na waliojitokeza kupiga kura walipungua. Baadhi ya wanafunzi walilalamika kwamba umepooza.

Mwaka wa uchaguzi huo mganga mkuu wa wilaya hakutoa kibali, na mwaka uliofuata hakukitoa pia. Alipokitoa, aliandika masharti kwa mkono wake chini ya barua: vijiti vyote vitoke stoo ya hospitali, mashine zihakikiwe mbele ya mganga mfawidhi wa zahanati kabla ya mtu wa kwanza kukaa, na daftari la majina libaki zahanati. Wanachama waliisoma barua hiyo mkutanoni na kuyapokea masharti yote matatu.